Twita ya Kushoto

Nimefunga redio na spika kwenye magari ya watu kwa miaka ishirini na minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitwa Sikio. Jina nilipewa na wateja. Walikuwa wakiniona nimekaa kwenye kiti cha dereva, macho nimefumba, kichwa nimekiegemeza nyuma, nasikiliza, kisha nasema, "Mlango wa kulia kuna skrubu imelegea." Wakifungua, wanaikuta. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa.

Miaka miwili iliyopita sauti za juu zilianza kuniacha. Sikujua hadi siku niliporudisha twita dukani nikidai imekufa. Twita ni ile spika ndogo, kama kifuniko cha chupa kwa ukubwa, inayotoa sauti nyembamba: matoazi, filimbi, upande wa juu wa sauti ya mwanamke. Muuzaji akaiunganisha, na wateja watatu waliokuwa kwenye kaunta wakaziba masikio. Mimi sikusikia kitu. Nikacheka, nikasema nilikuwa natania. Wote wakacheka pamoja nami, nami nikatoka nikasimama nyuma ya duka, shati limelowa jasho.

Ningeweza kusema kweli tangu siku hiyo. Niliyaombea masikio yangu asubuhi na jioni, ila niliomba kwa kunong'ona, mke wangu asije akasikia. Sikuwahi kuomba ujasiri. Badala yake nilijifunza ujanja. Nikikaa na mteja kuchagua spika, macho yalionekana yamefumba lakini niliacha ufa, nikamtazama yeye. Sauti ya juu ikiwa kali, mtu hukunja jicho kidogo. Ikiwa safi, nyusi hupanda zenyewe. Nilisoma nyuso za watu, nikawarudishia walichosikia wao kana kwamba nimesikia mimi, nao wakasema, "Sikio hana mpinzani."

Hali yangu ilikuwa hiyo wakati mwalimu wa kwaya yetu aliponunua gari dogo la mkono wa pili na kuja gereji kunitafuta.

"Bwana Sikio," alisema, "mimi sitaki mdundo wa kutikisa vioo. Kila mazoezi narekodi. Nataka nikiwa barabarani nisikie nani ameimba na nani amefungua mdomo tu."

"Basi unataka seti ya vipande," nilimwambia. "Spika kubwa mbili za milangoni, twita mbili za juu karibu na kioo cha mbele, na visanduku viwili vya kugawa sauti, ili nzito ziende chini na nyembamba ziende juu. Ukibebesha spika moja kazi yote, ni sawa na kumwambia mtu mmoja aimbe kwaya nzima."

Alicheka sana. "Twende ukachague. Mimi nitabeba boksi tu."

Mwenye duka la spika ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni. Ukutani ana ubao mkubwa wenye spika zilizopangwa mbili mbili, na chini yake vitufe. Unabonyeza kitufe, seti moja inaimba. Unabonyeza kingine, inaimba nyingine. Kwa daraja tulilotaka zilikuwa zimebaki seti mbili.

"Ya kwanza ninayo mpya ndani ya boksi," alisema. "Ya pili imebaki hiyo hiyo ya ubaoni. Imekaa hapo muda mrefu, fundi. Isikilize vizuri."

Alianza na ya kwanza, wimbo wa mwanamke na kinanda. Kisha ya pili. Kwangu zilikuwa kitu kimoja, isipokuwa ya pili ilikuwa nene kidogo chini. Nikamgeukia mwalimu nimsome uso. Naye alikuwa amefumba macho, kichwa nyuma, mikono mapajani. Alikuwa ananiiga mimi! Uso wake ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa. Mama wa duka alikuwa ametupa mgongo, kidole kwenye kitufe. Sikuwa na mtu wa kumsoma.

Nikashika spika zenyewe. Ya pili ilikuwa na sumaku nzito, fremu ngumu isiyopinda ukiikaza kwenye mlango, koni, ule uso unaotetemeka, iliyofumwa vizuri, na mpira wa pembeni laini usiopasuka kwa jua. Nilimweleza mwalimu yote hayo, kwamba spika nzuri huanza kujulikana mkononi kabla ya kuwashwa, na kwamba nguvu yake lazima ilingane na ya redio yake. Kila nilichosema kilikuwa kweli.

"Hii ya pili," nikasema.

Mama wa duka akageuka. "Ya pili? Una uhakika, fundi?"

"Kwani wewe unasikia nini?"

"Mimi… upande wa kushoto naona kama umefifia."

Hapo Mungu alinifungulia mlango, na mimi nikaufunga kwa teke. "Dada yangu," nilisema, na sauti niliyotumia bado inaniaibisha, "ile ya kwanza inapiga kelele. Hii sauti yake imekomaa. Ina joto. Masikio yaliyozoea redio za jikoni hulidhani joto ni kufifia."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. "Haya. Wewe ndiye Sikio," akasema, akaanza kufungua skrubu za ubaoni.

Mwalimu alifumbua macho, akanitazama, akautazama ubao. "Kweli," akasema polepole. "Ina joto."

Nilizifunga siku hiyo hiyo. Kupima twita kwa mita ya umeme ni kazi ya dakika moja: unagusa waya mbili, sindano ikicheza iko hai, isipocheza imekufa. Sikupima. Mwalimu alikuwa amesimama pale ananiangalia, na mtu anayeitwa Sikio hapimi twita kwa mita mbele ya mteja.

Wiki tatu baadaye, mazoezi yalipokwisha, mwalimu aliniita ndani ya gari, akafunga vioo.

Lazima niseme kwanza habari za mke wangu. Watu humwita Mama Pacha, kwa ajili ya wanetu wawili ambao sasa wana nyumba zao. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Husimama mwisho kabisa upande wa kushoto, na ule wimbo mpya tuliokuwa tukiuandaa ulianza na yeye peke yake, mistari minne, kabla kwaya haijaingia.

"Sikiliza," mwalimu alisema, akabonyeza redio. Wimbo ukaanza. "Unaona? Upande wa kushoto umefunikwa. Kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Kanisani sioni tatizo, lakini kanisani kuna mwangwi, na mwangwi unadanganya. Spika hizi umechagua wewe. Hizi hazidanganyi." Akapunguza sauti. "Bwana Sikio, naogopa ni mama. Umri, labda. Nisingemuuliza mtu mwingine. Wewe una sikio, tena ndiye mume. Niambie kama ndugu: sauti yake imepungua au haijapungua?"

Nilifumba macho, safari hii kwelikweli, nikajitahidi. Nilisikia besi. Nilisikia wanaume. Mke wangu nilimsikia kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili mlango umefungwa, lakini hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimsikia kila mahali, hata mezani kwetu. Neno "sijui" lingetosha. Ila lingefuata swali, na swali lingefuata jingine, na mwisho wake ningebaki mzee mmoja kwenye gereji asiye na jina.

"Imepungua kidogo," nikasema.

Kidogo! Kama vile hilo neno lingenipunguzia kosa.

Jumamosi iliyofuata mistari minne ilipewa binti wa fundi viatu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Mke wangu alirudi nyumbani, akakiweka kitabu cha nyimbo juu ya kabati, akaanza kuchambua mchele.

"Baba Pacha," alisema bila kuinua uso. "Mwalimu anasema hata wewe umesikia."

"Mwalimu anajua kazi yake," nilijibu.

"Sijakuuliza habari za mwalimu."

Nikatoka kwenda kuangalia bomba la uani, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Hakulalamika. Alianza kunywa maji ya moto asubuhi, akaacha kuita watu kwa sauti kutoka dirishani. Kila Ijumaa alifunga. Alfajiri, akidhani nimelala, alipiga magoti kando ya kitanda na kuomba kwa sauti ya chini, na sauti za chini mimi nazisikia. "Kama nilijivuna na sauti yako, Baba, nisamehe. Kama uliitaka, umeichukua. Nionyeshe tu kosa langu." Nililala nimegeukia ukuta. Nilikuwa najua jibu la ombi lake, nikajifanya nimelala.

Kwenye gereji tuko wawili. Mwenzangu ni fundi umeme wa magari, mwanamke mmoja mpana, mcheshi, tunamwita Mama Fyuzi. Mwezi ulipokuwa unakaribia kwisha mwalimu alileta gari lake kwake, taa ya breki haiwaki, akaliacha na kwenda kazini. Mama Fyuzi hawezi kufanya kazi bila redio. Haikupita dakika nikamsikia akiniita.

"Sikio! Njoo! Gari la mwalimu lina kiharusi, upande mmoja umekufa!"

"Upande gani?"

"Unaniuliza mimi upande gani? Leo umeamkaje, kaka?"

Nikaja, nikaingia kiti cha dereva, nikafumba macho kama kawaida yangu. "Iko sawa," nikasema. "Ni aina ya spika. Ina joto."

"Joto la nini, la homa? Haya, kaa hivyo hivyo. Nitaziba twita moja kwa kiganja. Niambie nimeziba ipi."

Nikasubiri. Wimbo uliendelea. Nikakisia. "Ya kulia."

"Na sasa?"

"Umeachia."

"Kaka, fumbua macho."

Nikafumbua. Alikuwa nje, nyuma ya gari, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya ovaroli.

Mama Fyuzi hucheka kitu chochote. Siku fundi mmoja alipoanguka ndani ya shimo la kubadilishia oili alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hakucheka. Alikuja akazima redio, akainama dirishani.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Na Mama Pacha? Wanasema ametolewa kwenye mistari yake kwa ajili ya…" Alisita. Akaitazama twita ya kushoto, kisha akanitazama mimi. "Ee Mungu wangu. Ni hii?"

Nilichukua mita. Ya kulia, sindano ikacheza. Ya kushoto, ikalala palepale. Dakika moja.

"Utawaambia," alisema Mama Fyuzi. Hakuwa anauliza.

"Nitawaambia."

Lakini nilifanya hivi. Nilipanda hadi duka la yule mama mwenye miwani, nikamwomba twita moja ya kampuni ile ile. Alinitolea bila kuuliza kitu, akaifunga kwenye karatasi, akanitazama usoni kwa muda kuliko nilivyotaka. Nikarudi, nikaibadilisha, nikapima kwa mita mara mbili. Mwalimu alipokuja jioni nikamwambia nimekaza waya kidogo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: atasikia mwenyewe, atamrudisha mke wangu, na hakuna atakayeaibika. Hata nilimshukuru Mungu kwa kunipa njia, nikiwa barabarani, kwa sauti. Shukrani ile hunichoma hadi leo kuliko uongo wenyewe.

Kesho yake mwalimu alifika nyumbani kwetu mbio mbio, funguo za gari mkononi, hakutaka hata kukaa.

"Mama Pacha! Nimesikiliza mazoezi ya juzi. Sauti yako imerudi! Yote! Safi kama maji! Nimesimamisha gari barabarani, nikaanza upya. Jumapili mistari ni yako."

Mke wangu aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Nilikuwa naomba, mwalimu," alisema. "Nilikuwa nafunga."

"Basi umejibiwa!" Akanipiga bega. "Na wewe, Bwana Sikio, furahi basi!"

Nikafurahi. Yaani nilivuta midomo pembeni.

Sisi huomba pamoja kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai. Mmoja huomba kwa sauti, mwingine huitikia. Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yake. Alipiga magoti kwenye zulia, nami kando yake, na akaanza kushukuru. Alishukuru kwa koo lake. Alishukuru kwa kufundishwa unyenyekevu, kwa kunyang'anywa ili ajue kwamba si mali yake. Alisema, "Nilikuwa na kiburi, Baba, ukaniadhibu kwa upole, ukanirudishia." Kisha akanishukuru mimi mbele za Mungu, kwamba nilimwambia mwalimu ukweli ingawa ni mume wake, kwa sababu mume mwingine angemficha.

Akanyamaza. Ilikuwa zamu yangu kusema amina.

Nilifungua mdomo. Nimewahi kusema uongo kwa wateja, kwa mwalimu, kwa mama wa duka, na kwa mke wangu mezani. Lakini kuutia muhuri wa amina, magotini, na yeye akiwa amenishika mkono, nilishindwa.

"Mbona huitikii?"

"Hukuadhibiwa," nikasema. "Sauti yako haikwenda popote. Ni spika."

Nilimweleza. Nilianzia dukani, nikarudi nyuma kwenye masikio, nikaja kwenye gari la mwalimu vioo vimefungwa. Nilipofika kwenye "imepungua kidogo" aliuachia mkono wangu. Hakuuvuta, aliuweka chini tu kwenye zulia, kama mtu anayeweka kikombe.

"Kwa hiyo mimi nikiimba hapa ndani," alisema, "ukaniambia 'safi', ulikuwa unasikia nini?"

"Nilikuwa nakumbuka."

Birika lililia jikoni. Nilijua hivyo kwa sababu yeye aliinuka kwenda kulitoa. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Masikio hayo ningekubebea," alisema. "Ungeniambia siku ya kwanza ningekuwa nakupokelea simu, nakusikilizia wateja, ningekuchagulia hizo twita mimi mwenyewe. Lakini umeniacha nimwombe Mungu msamaha kwa kosa lako. Mwezi mzima, Baba Pacha. Nikiwa na njaa."

Nilipoinuka kwenye zulia, akaendelea:

"Leo ni mazoezi. Utasema wewe. Usimnong'oneze mwalimu pembeni. Utasimama mbele."

Saa tisa alasiri nilisimama mbele ya kwaya, watu ishirini na sita, mikono sijui niiweke wapi. Nilisema kwa ufupi, bila kupamba. Nilisema sisikii sauti za juu, kwamba nilichagua spika mbovu mbele ya mtu aliyejaribu kunionya, na kwamba nilipoulizwa habari za mke wangu nilijibu kitu nisichokisikia ili nilinde jina langu. Nilisema mwalimu hana kosa.

"Ninalo," mwalimu alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinanda, uso umemwiva. "Pale dukani nilisikia upande mmoja umefifia. Nilisikia kabisa. Nikajiambia, kama Sikio anasema ni joto, basi ni joto. Mimi ni mwalimu wa muziki, jamani." Akajipangusa uso kwa leso. "Mama, nisamehe. Njoo usimame mahali pako. Mistari ni yako."

Kila mtu alimgeukia mke wangu. Hakusogea.

"Nitaimba," alisema, "lakini si Jumapili hii. Jumapili hii ataimba huyu. Amefanya mazoezi mwezi mzima, mama yake amemshonea gauni, na yeye hakumnyang'anya mtu kitu. Au na huyu naye tumtoe ili sisi watu wazima tupumue?"

Hapo ndipo nilipomtazama binti wa fundi viatu. Alikuwa amesimama mwisho upande wa kulia, kitabu amekikumbatia kifuani, macho chini, na machozi yanamdondoka kwenye jalada. Tangu alipopewa mistari hadi nilipoirudisha kwa mke wangu kwa kubadilisha twita, alikuwa amesimama katikati ya jambo hili lote. Nilikuwa nimemwombea mke wangu, nimemwombea mwalimu, nimejiombea mimi mpaka magoti yakauma. Yeye sikuwa nimemtaja hata mara moja.

Nilimwendea. "Nisamehe, mwanangu," nilisema.

Alisema kitu kwa sauti ndogo, nyembamba, ambayo haikunifikia. Nikainama karibu zaidi.

"Sijakusikia," nilimwambia, mbele ya wote. "Rudia, tafadhali."